Mjane wa mwanajeshi asiachwe atafute mlango peke yake

Mbukwenyi, ndugu zangu wa Dodoma na popote mlipo.

Mimi ni mtoto wa Kongwa. Baba yangu alikuwa askari wa JWTZ. Mwaka 1979 aliingia Uganda na wenzake, akarudi na goti ambalo halikukunjika tena sawasawa. Mume wangu, tuliyekutana huku Ohio, naye ni mwanajeshi mstaafu, ila alilitumikia jeshi la Marekani na alipelekwa Afghanistan. Baba nilimwona akihangaika nikiwa mtoto, mume nimemwona nikiwa mke. Nikilinganisha, sitasema huku ni peponi na kwetu ni motoni, kwa sababu si kweli. Lipo jambo moja tu linaloniuma, na nataka nilieleze vizuri.

Mume wangu alirudi na kikohozi. Kambini kwao taka zote, za plastiki, mafuta na dawa, zilichomwa kwenye mashimo ya wazi, na wao walilala jirani na ule moshi. Miaka ikapita, daktari akasema ana pumu. Kila nilipomwambia aende VA, idara ya serikali inayohudumia wanajeshi wastaafu, alijibu kwamba wapo waliokatika miguu, waachiwe wao. Mwaka 2022 ikapitishwa sheria inayoitwa PACT, ambayo inachukulia magonjwa kadhaa ya waliovuta moshi ule, pumu ikiwemo, kuwa yametokana na utumishi, bila askari kudaiwa ushahidi wa kuunganisha hiki na kile. Hapo ndipo simu zikaanza. Kampuni moja ikataka imwandalie madai, naye awape sehemu ya fedha atakazopata. Alikaribia kusaini.

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyetuokoa. Aliniuliza kama tumefika ofisi ya kaunti. Sikuijua. Kumbe Ohio ina kaunti 88, na kila moja, kwa mujibu wa sheria ya jimbo, ina ofisi yake ya wanajeshi wastaafu na familia zao. Tukaenda. Tulimkuta mzee mmoja, naye askari wa zamani, anayelipwa mshahara na kaunti kwa kazi hiyo. Aliomba karatasi moja, DD 214, ile inayoonyesha askari alitumikia lini, wapi na aliondokaje jeshini. Siku ileile akatuma taarifa ya kusudio la kudai. Alitufafanulia kwamba taarifa hiyo inampa mtu mwaka mzima wa kukusanya vyeti vya hospitali, na madai yakikubaliwa, malipo yanaweza kuhesabiwa tangu tarehe ya taarifa. Akatuambia pia kwamba sheria ya nchi hairuhusu mtu yeyote kutoza fedha kwa kuandaa madai ya kwanza. Hatukutoa hata senti.

Kisha akanigeukia mimi. Akauliza kama ninapata usingizi. Sikuwa nimetegemea kuulizwa, nikabaki kimya. Mume wangu huamka usiku akipiga kelele, na kwa miaka sita sikuwahi kumwambia mtu. Yule mzee akaniandikia namba: 988, halafu bonyeza 1. Ni simu ya bure ya kuwasaidia wanajeshi wastaafu walioelemewa na mawazo, usiku na mchana, na mke, mama au rafiki anaweza kuipiga pia. Akatuelekeza kwenye kituo cha ushauri cha askari waliokuwa vitani, ambako familia nayo inapokelewa bila malipo. Vituo hivyo vilianzishwa mwaka 1979. Nilipousoma mwaka huo ukutani nilikaa chini, maana ndio mwaka baba yangu aliingia Kampala.

Baba naye aliamka usiku. Mama alikuwa anatuambia, "Mwacheni, anarudi zamu." Tulikua tukiamini ndivyo wanaume walivyo. Na nani angempeleka wapi? Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya tangu miaka ya 1920, yenye madaktari waliosomea kazi hiyo hasa, lakini nyinyi wenyewe mnajua jina hilo tumelifanya tusi. Mtu akionekana pale getini, habari inafika Kibaigwa kabla yeye hajapanda basi. Niseme wazi: hilo ni kosa letu sisi wananchi, si la serikali, na limewaumiza wanaume wengi waliotupigania.

Sasa niwaeleze ya mama.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake baba hakuweza kutoka kitandani, akakosa uhakiki wa wastaafu, na malipo yake ya pensheni yakasimama. Alipofariki, kulikuwa na miezi ambayo hajalipwa. Mama akaanza safari. Alfajiri anapanda basi Kongwa, anatokea Mbande kwenye barabara kuu, anafika mjini, anaambiwa aje na cheti cha kifo. Anarudi nacho, anaambiwa aje na barua ya usimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo kikakaa, muhtasari ukaandikwa, mahakama ya mwanzo ikataka ushahidi wa ndoa. Baba na mama walioana kwa mahari ya ng'ombe, mbele ya wazee. Cheti hawakuwahi kuwa nacho. Kila safari basi lilipita Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, wizara zimepangana pale kando ya barabara, naye anazitazama dirishani bila kujua ni geti lipi alipaswa kushuka.

Akatokea kijana mmoja, kishoka, mwenye koti na bahasha ya kaki. Akamwambia karatasi zote atazifuatilia yeye. Mama akauza mbuzi na magunia ya mtama, akampa shilingi 300,000. Kijana hakuonekana tena. Mimi nikiwa hapa Ohio nilijua kwa simu ya dada, wiki tatu baadaye, na nililia kwa hasira kuliko nilivyolia msibani.

Aliyelimaliza jambo lile alikuwa msaidizi wa kisheria wa hapohapo wilayani, mama mmoja mwenye daftari la kawaida la shule. Alimwandalia mama maelezo ya kiapo cha ndoa, akampeleka mahakamani, akamwonyesha pa kusaini. Hakudai kitu, kwa sababu huo ndio utaratibu: tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria inayowatambua watu kama yeye, na tangu 2023 kampeni ya Mama Samia ya msaada wa kisheria imekuwa ikizunguka mikoani na mahema. Msaada wa bure, basi, ulikuwepo muda wote. Ulikuwa mwendo wa robo saa kutoka nyumbani kwetu, na mama hakuwa ameambiwa na mtu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Watanzania wenzangu wa huku, wanaosema tatizo la kwetu ni umaskini. Fedha zina nafasi yake, sikatai. Siwezi kudai serikali yetu ilipe anachopata mume wangu. Lakini kilichomtesa mama hakikuwa udogo wa pensheni. Alikosa mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumwambia: anza hapa, karatasi ni hizi, na usimpe mtu hela.

Na mtu huyo tunaye tayari. Kila wilaya ina Mshauri wa Mgambo, ofisa wa JWTZ, anayelipwa na anayefahamika mpaka vijijini. Kwa nini asipewe dawati la wanajeshi wastaafu na wajane wao? Naomba kiti, daftari na namba ya simu iliyobandikwa kwenye kila ofisi ya mtendaji wa kata. Kwanza aandike walio hai: nani alitumikia, namba yake ya jeshi ni ipi, mke ni nani, watoto ni akina nani. Katika daftari hilo waingie pia mgambo. Mwalimu alipotangaza mwaka 1978 kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin tunavyo, sehemu kubwa ya uwezo huo walikuwa wanamgambo kutoka vijijini, na vita ilipokwisha wengi wao walirudi mashambani. Wanazeeka sasa. Wengine wamebaki na simulizi tu, hawana hata kipande cha karatasi.

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaweka mkuki na ngao kwenye mnara, na mimi huangalia kwenye simu nikiwa zamu ya usiku. Napenda heshima ile. Ningependa pia siku hiyo pawe na mahema kila wilaya, mstaafu aje na mkewe, karatasi zikaguliwe akiwa bado anaweza kujibu maswali mwenyewe.

Nisiwasifie Wamarekani kupita kiasi. Kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi alifariki mzee aliyepigana Vietnam. Serikali ilimpa kaburi na jiwe bila malipo, askari wawili wakaikunja bendera vizuri sana, na wakamkabidhi mfanyakazi mwenzangu kwa kuwa ndugu hakutokea hata mmoja. Baba yangu alizikwa na kijiji kizima. Wazee saba wa kombania yake walikuja, mmoja kutoka Singida kwa basi la usiku, wakasimama kaburini kwa amri ya sauti ndogo ambayo sisi wengine hatukuielewa. Hilo huku halinunuliki.

Mwenye baba, babu au mjomba aliyetumikia, akae naye wiki hii. Muulize barua ya kustaafu iko wapi, na namba ya jeshi, na kitambulisho cha mstaafu. Kama ndoa haina cheti, ishughulikieni mapema wakiwa wawili. Vyeti vya watoto viwekwe pamoja. Tarehe za uhakiki zifuatiliwe, na kama mzee hawezi kutembea, semeni mapema ofisini kabla malipo hayajasimama.

Faili la baba sasa liko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama. Wajane wawili wa kijijini wameshakuja kulitazama, wanahesabu karatasi moja moja na kuulizana nani wa kumwona kwanza. Mama huwapa namba ya yule msaidizi wa kisheria, kisha anawapikia chai.