Herufi mbili nyuma ya sahani

Jamaa wakija kunitembelea Ufaransa, wote wanataka Paris. Nawapeleka. Tunapanga foleni, tunapiga picha chini ya ule mnara wa chuma, jioni miguu imevimba na wao wamefurahi. Nikiwaambia kesho tubaki huku kwangu niwatembeze Bretagne, wananiuliza: kwani huko kuna nini?

Siwalaumu. Nimekaa Rennes, mji mkuu wa jimbo hilo, miaka sita kabla ya kujiuliza swali hilohilo. Ufaransa niliyoijua ilikuwa ni basi la alfajiri, jiko la shule ninapofanya kazi, duka la bei nafuu na ofisi ya vibali. Na tusiseme ni ughaibuni tu. Mimi mzaliwa wa Lamu, na sijawahi kulala Pate, kisiwa jirani, hata usiku mmoja bila kuwa kuna aliyefariki au aliyeolewa. Safari zetu ni msiba na harusi. Kutoka nyumbani kwenda kushangaa tu, huko tumewaachia wazungu.

Aliyenitoa ni mwenzangu wa jikoni, mama mtu mzima wa huku. Alinikokota twende kwa miguu kutoka Josselin hadi Malestroit, siku mbili kwa mwendo ambao gari linaumaliza kabla hujamaliza kutafuna karanga zako. Tulifuata mfereji unaotoka Nantes hadi Brest, kilomita 364. Napoleon ndiye aliyeutaka, kwa kuwa manowari za Waingereza zilikuwa zimeifungia Brest kwa upande wa bahari. Ulipokamilika, mwaka 1842, yeye alikuwa ameshakufa na vita vyenyewe vimesahaulika. Siku hizi mashua za mizigo hazipo. Njia ya kando, walipopita farasi wakizivuta, imebaki kwa wenye baiskeli na wenye miguu kama sisi. Ngome ya Josselin inasimama na minara yake mitatu juu ya mto, na hakuna anayekuharakisha. Saa ya kwanza nilikuwa nikiangalia simu kila dakika tano. Baada ya chakula cha mchana niliisahau ndani ya mkoba.

Chakula chenyewe kilikuwa galette. Mpishi ana bamba la chuma jeusi la mviringo, pana kuliko kikaango cha chapati mara mbili, wanaliita bilig. Anamimina upawa mmoja wa uji wa unga, anashika kijiti chenye umbo la T, anauzungusha mkono mara moja tu na uji umeshaenea mwembamba hadi ukingoni. Juu anapasua yai, ananyunyiza jibini, anakunja pembe nne. Kwa kawaida huweka na nyama ya nguruwe; ukisema mapema hawaweki, wala hawakuulizi maswali. Unga ni wa ngano nyeusi, ambayo kwa kweli si ngano hata kidogo; haimo kabisa katika ukoo wa nafaka. Inaota kwenye ardhi mbovu na kukomaa kwa takriban siku 100, ndiyo maana ilikuwa chakula cha maskini wa huku kwa karne nyingi. Unateremshia na maziwa ya mgando, yanayofanana na maziwa lala kama mtu na ndugu yake, kwenye bakuli.

Nilipoonja ule uchachu na ile harufu ya kuungua kidogo, nilimkumbuka bibi na mkate wake wa mofa. Wa mtama, umeokwa kwenye tanuri la udongo, una moshi ndani. Nilikuwa nikiupenda. Lakini mgeni akibisha hodi, mofa unafunikwa kwa kitambaa na mtoto anakimbizwa dukani kuleta mkate wa ngano. Hawa wamefanya kinyume. Kile walichokula kwa dhiki ndicho wanachomkaribishia mgeni, na wanamtajia kinu kilikosagwa unga. Siagi ni hivyohivyo. Ufaransa ya zamani ilitoza kodi kubwa ya chumvi, na Bretagne ilisamehewa, basi wakazoea kutia chumvi kwenye siagi kuliko wenzao. Kodi ilifutwa wakati wa mapinduzi, siagi ya chumvi wakabaki nayo, na ukimwekea mtu wa huku siagi isiyo na chumvi anakutazama kama uliyempa Mswahili wali bila nazi.

Nije kwenye sahani. Huko Quimper, mtaa wa Locmaria, wametengeneza vyombo vya udongo kwa zaidi ya miaka 300. Niliingia kwenye karakana moja, nikamkuta mwanamke akichora. Sahani imeshapakwa ung'arisho mweupe lakini haijachomwa tena, kwa hiyo inafyonza rangi kama chokaa mbichi; ukikosea hakuna kufuta. Kila jani ni mguso mmoja wa brashi. Alichora mwanamume wa kijijini mwenye kofia na suruali pana, akazungushia maua, kisha akaigeuza sahani na kuandika nyuma herufi mbili, za jina lake.

Herufi hizo zilinishughulisha kuliko mchoro. Sisi Waamu tunazijua sahani: nyumba za mawe za zamani zina zidaka ukutani, na humo ndimo ilimopangwa kauri iliyotoka China na kwingineko. Vyombo vya kutazamwa vilikuwa vya watu wa mbali. Na vyetu je? Shangazi yangu anashona kofia za viua, tundu kwa tundu, moja humchukua miezi. Inanunuliwa na mfanyabiashara, inavuka hadi Oman, inavaliwa Idi na mtu asiyejua kama aliyeishona ni mwanamke wa mtaa wetu wa Langoni au mashine. Sahani ile niliinunua kwa bei ya viatu vya mtoto na sikuona uchungu. Nililipa herufi mbili.

Mji mdogo wa Pont-Aven napita haraka, maana wengi wanausifu. Mchoraji Gauguin alifika mwaka 1886 kwa sababu maisha yalikuwa rahisi kwa mfuko wake, na leo kila duka la biskuti linajinadi kwa wachoraji. Nilichopenda ni kanisa dogo la Trémalo, juu ya kilima. Humo mna msalaba wa mbao aliouigiza katika mchoro wake wa Kristo wa rangi ya manjano, wa 1889. Mchoro uko Buffalo, Marekani. Mbao iko palepale, imening'inia. Jina la mchoraji liko kila mahali. La fundi aliyeuchonga msalaba sikuliona popote. Basi hata hawa nao.

Wala msidhani hawajawahi kuonea haya vya kwao. Watoto waliosema Kibretoni shuleni walivishwa shingoni kipande cha mti au kiatu cha mbao, wamsake mwenzao mwingine anayeteleza ulimi wampe. Mwenzangu aliponisimulia habari za babu yake nilicheka hadi nikamkosea adabu. Sisi shuleni tulikuwa na diski, kitu cha kupokezana vilevile! Kanuni ileile, adhabu ileile jioni, ila kosa letu lilikuwa Kiswahili. Leo vibao vya barabarani vina lugha mbili na zipo shule za Diwan, zilizoanza 1977, zinazofundisha kwa Kibretoni. Ila katika siku mbili za kutembea sikumsikia mtoto hata mmoja akiongea lugha hiyo. Kiswahili kilisalimika na diski. Chao sijui.

Na kuna jambo sitawasifia. Kule ufukweni nyumba nyingi zimefunga madirisha toka Septemba hadi Juni, za watu wa Paris wanaokuja likizo, na vijana wa pale hawapati pa kupanga. Nikikumbuka Shela, kijiji cha ufukweni kwetu Lamu ambako wageni wamenunua nyumba, naona njia ni ileile. Tena huku siagi ina jina la mkulima na sahani ina herufi za mchoraji, lakini jirani yangu wa ghorofa ya chini jina lake nimelijua kwa kulisoma kwenye sanduku la barua. Mtaani kwetu hakuna mlango ulioandikwa jina, na kipofu anaweza kukupeleka kwa umtakaye.

Likizo iliyopita nilimwonyesha shangazi ile sahani, nikaigeuza. Nikamwambia naye ashone herufi zake ndani ya kofia, upande wa kichwa. Aliicheka sana.

"Nani atavua kofia asome jina langu?"

Kisha akaniuliza yule mwanamke wa sahani analipwa kiasi gani. Nilipomkadiria, aliacha kucheka, akaivuta kofia aliyokuwa akiishona karibu na taa na kuitazama kwa ndani.