Samweli Hakuishia kwenye "Nena, Bwana"

Kila aliyepita shule ya Jumapili anaijua hadithi ya Samweli. Mtoto amelala hekaluni, anaitwa usiku, anakimbilia kwa mzee Eli akidhani ni yeye, anarudishwa kulala, anaitwa tena. Mara ya tatu mzee anashtuka na kumfundisha jibu: "Nena, BWANA, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Hapo mwalimu hufunga Biblia, watoto huimba, somo limekwisha. Tumekua nalo hivyohivyo, na mahubiri mengi juu ya kuisikia sauti ya Mungu hukoma kwenye aya hiyo ya kumi ya 1 Samweli 3.

Neno lenyewe linaanzia aya ya kumi na moja. Mungu anamwambia mtoto kwamba nyumba ya Eli, yule yule anayemlea, imekwisha kuhukumiwa, kwa sababu wanawe wamefanya maovu naye hakuwazuia. Maovu gani? Sura ya pili haifichi. Watu wanaleta dhabihu, mtumishi wa kuhani anakuja na uma wa meno matatu anachota nyama sufuriani, na ukimwambia ngoja kwanza mafuta yateketezwe kama sheria inavyotaka, anakujibu toa sasa hivi, la sivyo naitwaa kwa nguvu. Kwa hiyo neno la kwanza ambalo Samweli alilisikia kwa Mungu maishani mwake lilihusu sadaka kuliwa na watoto wa mkubwa wake. Asubuhi aliogopa kulisema. Ni nani asingeogopa?

Nimelianzia huko kwa sababu siku hizi mtu akisema "Mungu amesema nami," ukitega sikio utakuta kilichosemwa ni habari za msemaji mwenyewe. Ataolewa kabla mwaka haujaisha. Viza itatoka. Shangazi wa kijijini ndiye aliyefunga nyota yake. Mikesha inajaa, watu wanafunga kavu siku tatu, na maombi yote yanaelekea upande mmoja. Sina ugomvi na anayemwomba Mungu mume au kazi. Hana aliomba mtoto akilia hadi akadhaniwa amelewa, na mtoto aliyepewa ndiye huyu Samweli. Lakini ukiisoma Biblia taratibu utaona kwamba Mungu akimsemesha mtu, mara nyingi anamsemesha juu ya mtu mwingine. Na mara nyingi huyo mwingine anamdai.

Mwangalie Zakayo, yule mkuu wa watoza ushuru. Kabla hajatamka lolote kuhusu mali yake, Luka ametuandikia maneno machache tu aliyoambiwa na Yesu: "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Hakuna neno la kodi hapo, wala la wizi. Mgeni amekuja kushinda. Mwenye nyumba ndiye anayesimama na kusema nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila anamrudishia mara nne. Nani alimtajia fedha? Na tangazo la kwamba wokovu umefika katika nyumba ile linakuja baada ya hesabu hizo kutajwa mbele ya watu.

Eliya vilevile. Tunaipenda mno ile "sauti ndogo, ya utulivu" baada ya upepo, tetemeko na moto. Wachache huendelea hadi ilichosema: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Kisha akaambiwa arudi njia aliyoijia, kuna watu wa kutiwa mafuta. Utulivu wa mlima ule wa Horebu haukuchukua muda mrefu.

Aya inayonikaa kichwani kuliko zote, hata hivyo, ni Yakobo 5:4. Yakobo anawaambia matajiri kwamba ujira wa wavunaji, ambao wameuzuia kwa hila, unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Tazama basi inavyokuwa. Sisi tunakesha tukisema "Bwana, sema nami," na saa hiyohiyo masikio yake yamejaa kelele za mshahara wa dada wa kazi ambao haujatoka tangu mwezi wa nane. Anamsikiliza nani kwanza?

Wengi tunaijua nyumba ya namna hiyo. Binti aliletwa mjini na ndugu, akaahidiwa kwamba baada ya mwaka atapelekwa kujifunza cherehani. Mwaka ukapita, na mwingine. Mshahara "anatunziwa." Akivunja glasi unakatwa. Anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na Jumapili anabaki na mtoto mdogo na sufuria ya maharage wakati mama mwenye nyumba, ambaye pengine ndiye kiongozi wa maombi ya akina mama, anakwenda kanisani kuomba Mungu aifungulie familia milango. Torati ililiona jambo hili zamani sana. Walawi 19:13 inasema ujira wa mtu wa kuajiriwa usilale kwako hadi asubuhi, na Kumbukumbu la Torati 24 inasisitiza alipwe kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutegemea ujira huo, asije akamlilia BWANA juu yako. Ningekuwa mchungaji ninayetafuta mzee wa kanisa, ningeomba nusu saa na dada wa kazi wa nyumbani kwake kabla sijaketi na kamati.

Nenda sokoni nako. Mkulima wa viazi wa Njombe anajazia gunia hadi linafungwa kilemba juu, lumbesa, kwa sababu mnunuzi hataki gunia la kawaida. Bei inabaki ya gunia moja. Mzigo ukifika mjini unafunguliwa na kuuzwa kwa kilo au kwa sado. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, viongozi wameikemea miaka nenda rudi, nayo ipo. Kumbukumbu 25:13 inakataza kuwa na mawe ya kupimia ya namna mbili mfukoni, kubwa na dogo. Mtu akinunua kwa lumbesa na kuuza kwa mizani, mawe yake mawili hayo hapo. Sitashangaa nikiambiwa lori lililobeba mzigo huo limeandikwa nyuma "Yesu ni Bwana." Mfanyabiashara huyo hahitaji nabii wa kumwonyesha mapenzi ya Mungu juu ya biashara yake. Yameandikwa, tena kwa Kiswahili chepesi.

Kizazi cha babu zetu kililielewa hili vizuri kuliko sisi, na hapa nataka kukaa kidogo. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Miaka iliyofuata yakatokea mambo yaliyokuja kuitwa Uamsho wa Afrika Mashariki, yakaenea Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi. Sehemu ninayoipenda inamhusu Yosiya Kinuka, msaidizi katika hospitali ile ya Gahini. Alikwenda Kampala kumwona Nsibambi, na alipoulizwa habari za hospitali akawa na malalamiko tele. Nsibambi akamrudisha kwenye moyo wake mwenyewe: tatizo la hospitali lilikuwa pia ndani yake. Kinuka akarudi Gahini mtu mwingine, na wenzake wakaliona.

Waliookoka katika uamsho ule walikuwa na desturi moja iliyowasumbua hata wamisionari. Hawakuridhika na mtu kusema "nimetubu." Walimwuliza umeiba wapi, umemchukia nani, na umekwenda kwake lini. Watu walirudisha vitu vya mwajiri, walilipa madeni ya zamani, walikwenda kwa waliowasengenya na kuwaambia waziwazi. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alisimulia jinsi baada ya kuokoka alivyopanda baiskeli safari ndefu kwenda kumwomba radhi Mzungu ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Baiskeli, kwenye milima ile ya Kigezi! Kwao, Roho akisema, anakutajia mlango wa kwenda kubisha hodi. Huku kwetu Bukoba uamsho huo ulimlea Josiah Kibira, aliyekuwa askofu, na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Nisiwapake rangi. Walikuwa na ukali wao. Toba ya hadharani iligeuka mahali pengine kuwa udaku wenye Amina mwishoni, na palizuka magomvi ya nani ameokoka zaidi ya nani. Lipo na jambo zito kuliko hayo. Huwezi kuitaja Gahini kwa heshima zote ukanyamaza kuhusu mauaji ya kimbari ya 1994. Nchi ileile uamsho ulikochipukia ikaona watu wakiuawa kwa maelfu ndani ya makanisa, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye, na kati ya waliowaua walikuwamo walioketi nao benchi moja. Wapo Wakristo waliokufa wakiwaficha majirani zao, hao tuwaheshimu. Lakini mimi huona kwamba orodha ya dhambi za kukiri ilikuwa fupi mno. Mtu alifundishwa kurudisha blanketi la hospitali. Vitambulisho vilivyomwandika kila mtu Mhutu, Mtutsi au Mtwa vililetwa na Wabelgiji miaka hiyohiyo ya 1930, na dhambi iliyojificha ndani ya karatasi ile haikupata nafasi kubwa kwenye ibada za toba. Wanahistoria wanaweza kunisahihisha kwa hili. Hata hivyo silioni kuwa sababu ya kuacha njia ya Gahini. Naliona kuwa sababu ya kuirefusha: ukishamaliza kuuliza nimemwibia nani, uulize watu wangu wamemwibia nani, na nani analipia starehe yangu bila mimi kumjua jina.

Mtu ataniuliza, sasa manabii je? Mungu hasemi tena kwa ndoto, kwa maono, kwa kinywa cha mtumishi wake? Siwezi kumpangia Mungu njia. Ninachojua ni kwamba Yohana aliandika tusiiamini kila roho, tuzijaribu, na gharama ya kutojaribu tumeiona kwa macho. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikanyagwa wakafa Moshi, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi wakutane na Yesu, watoto wakiwamo. Kipimo changu ni cha kienyeji lakini hakijanitupa: ujumbe ukija, angalia unamtajirisha nani na unamfanya nani awajibike. Ukimtajirisha anayeusema na usimwajibishe yeyote kwa jirani yake, mimi huchukua mwavuli wangu nikaenda nyumbani.

Watu wa jumuiya ndogondogo wa Kikatoliki wana kitu hapa ambacho sisi Walutheri tungeweza kukiazima bila aibu. Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele miaka ya 1970, familia za mtaa mmoja hukutana nyumbani kwa mtu, wanasoma Injili na kuitafakari pamoja. Uzuri wake ni kwamba anayeketi pembeni yako ukisema "Neno hili limenigusa" ni mwenye duka unakokopa sukari. Anajua daftari lako limefika ukurasa wa ngapi. Najua jumuiya nyingi zimekuwa vikao vya michango, harusi hii na ukarabati ule, lakini muundo wenyewe ni mzuri: ni vigumu kumsikia Mungu kwa uongo mbele ya mtu anayekudai.

Kwa hiyo nina pendekezo, na najua wachungaji wengine hawatalipenda. Mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba, kabla ya zile nyimbo za kuvuka na kabla ya mtu yeyote kutabiri mwaka wa kufunguliwa, isomwe Yakobo 5:4 na kanisa linyamaze. Kisha wapewe nusu saa. Anayedaiwa radhi aende akaiombe, kama ni mbali apige simu, anayedaiwa fedha azitume. Simu zote zimo mikononi, na namba ya kutumia sadaka tumeizoea kiasi kwamba tunaipiga bila kutazama. Kwa nusu saa hiyo fedha ziende upande wa pili: kwa dada wa kazi aliyebaki na mtoto nyumbani, kwa fundi aliyejenga ukuta na kukatwa nusu ya malipo kwa visingizio, kwa kibarua aliyelima shamba msimu uliopita, kwa mdogo wako ambaye sehemu yake ya kiwanja cha marehemu baba uliiuza. Mhasibu wa kanisa atalalamika kwamba sadaka ya mkesha imepungua. Ailalamikie tu, ndiyo kazi yake, na kwenye taarifa ya mwaka aeleze sababu.