Folda yangu, diski yangu, ruhusa sina

Jamani nyie mnaotumia Linux badala ya Windows, hivi mlizaliwa na subira au mliipata ukubwani? Mie jana nimekesha kisa folda moja. Tena folda yenyewe yangu, iko kwenye ile kompyuta kuukuu iliyokaa konani inagawa mafaili kwa kompyuta nyingine kwa programu ya Samba, na diski nimenunua kwa jasho langu. Nilichotaka ni ionekane kwenye laptopu kama folda nyingine yoyote, mama watoto asevu barua yake humo, tulale. Basi!

Saa tatu usiku nikaandika mount -t cifs, amri ya kuiunganisha folda na laptopu, nikaweka anwani ya seva, yaani ile kompyuta ya konani, enta. Ikaniletea habari za "bad superblock". Moyo paa! Nikajua diski imekufa na picha zote za watoto zimeondoka nayo. Kumbe wala, ni kifurushi cha programu ya kuunganishia, cifs-utils, tu sijakiinstoli. Sasa si ungesema hivyo, mbona unanitangazia msiba na maiti hakuna?

Nikainstoli, ikakubali, picha hizooo. Ngoja nitengeneze folda mpya: Permission denied. Nini?! Nikapiga ls -l, inayoonyesha faili ni la nani, mwenye mali root, yaani bosi mkuu wa kompyuta, faili la pili root, la tatu root, mie nakula kwa macho tu. Nikaja na chown, ya kubadili mwenye faili, ikagoma. Nikaja na chmod 777, ya kumpa kila mtu ruhusa zote, ile ya hasira ambayo kila mtu anakwambia usiitumie na yeye kaitumia juzi, hiyo haikukataa wala haikukubali, ilinyamaza tu na ruhusa zikabaki vilevile.

Nimekuja kuelewa saa tano hivi kwamba ile seva haina habari na mayuza wa laptopu yangu, huyo anayeonekana kwenye ls kuwa ndo mwenye faili kabandikwa tu wakati wa kumaunti, na kwa kuwa nilimaunti kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root, basi kabandikwa root, chown utapiga mpaka kuche. Inatakiwa useme mwanzoni kabisa mwenye mali ni yuza namba ngapi, uid=1000, au namba yoyote utakayopewa ukiandika id.

Haya, toa uanze upya. umount, amri ya kuiondoa folda. Target is busy! Nani anaitumia usiku huu? Nikatafuta weee, kumbe ni mimi, terminali yangu imesimama humohumo ndani ya folda. Nabomoa nyumba huku nimekaa sebuleni.

"Baba, tayari?"

"Tayari mama, ingia kwenye akaunti yako."

Akaingia. Permission denied. Akaniangalia, ile ya kuniangalia. Yeye namba yake 1001 bwana, na mwenye folda sasa ni mimi, wengine wanasoma tu. Nikaunda grupu, nikatutia wote wawili, nikamaunti tena na gid, yaani namba ya hilo grupu, na file_mode=0664, dir_mode=0775 ili grupu nalo liandike. Bado! Kumbe ukitiwa kwenye grupu lazima utoke kwenye akaunti uingie tena ndo utambulike. Haya mama toka, ingia tena. Na mtu ana usingizi.

Nikamwachia laptopu, mie nikakaa na simu nasoma mambo ya fstab, faili linaloiambia laptopu imaunti nini ikiwaka, maana bila hiyo kesho ukiwasha folda haipo. Nasoma usiandike paswedi mule kwa sababu fstab kila yuza anaisoma, paswedi iwekee faili lake pembeni lenye chmod 600, ili asilisome mwingine, halafu usisahau nofail isije seva ikiwa imezimwa laptopu nayo ikaanza kuzingua wakati wa kuwaka. Narudi na ushindi wangu, mtu keshajifunika shuka.

"Umesevu kwenye folda?"

"Nimeweka kwenye flashi. Hiyo folda yako siiamini."

Nikaichungulia ile flashi kwa ls -l. Mwenye faili: yeye. Kuandika, anaandika. Na sudo haijui hata kwa kuisikia.