Shoot the Moon ya 1982: Diane Keaton alibanwa, au muvi yenyewe ilijikwaa?

Ukimtaja Diane Keaton watu wengi wanakimbilia Annie Hall, ile iliyompa Oscar, au yule mke wa Michael kwenye The Godfather anayefungiwa mlango mwishoni. Sawa, ila mi nasema kazi yake bora iko kwenye Shoot the Moon, muvi ya Alan Parker ya 1982 ambayo haikuuza na kwenye Oscar haikuambulia hata uteuzi mmoja.

Stori ni ya kawaida kabisa. George (Albert Finney) ni mwandishi, yeye na mkewe Faith (Keaton) wana mabinti wanne, jamaa ana mchepuko, anahama. Basi. Kwenye Kramer vs. Kramer, iliyobeba Oscar 5, mama anaondoka mapema na sisi tunabaki na baba, ila huku tunabaki nyumbani na mama na vyombo vichafu na watoto wanaotaka kula. Kuna sehemu Faith yuko peke yake kwenye maji bafuni, anavuta bangi na kuimba If I Fell ya Beatles, taratibu, sauti imemkauka, na uso unabadilika katikati ya mstari bila yeye kufanya chochote kikubwa. Yani pale ndo unaona ndoa imekufa, hakuna kugalagala wala kupiga kuta.

Sasa wanaoiponda nao wana hoja, tena nzito. George anakuja na taipureta, zawadi ya bethidei ya binti mkubwa Sherry, Faith anamzuia asiingie, jamaa anavunja kioo cha mlango, anamtupa mkewe nje, anapanda juu anamchapa mtoto kwa henga mpaka mtoto anashika mkasi kujitetea. Halafu baadaye muvi hiyohiyo inataka tumuonee huruma! Wanaenda kula pamoja, wanagombana mpaka meza za jirani zinageuka, wanaishia kitandani. Kuna watu hapo ndo wanazima, na siwalaumu. Pia Sandy, yule mchepuko, hana hata umbo, yupo yupo tu.

Lakini angalia Keaton anavyocheza hiyo ya kitandani. Hajasamehe. Amechoka, na ana hamu na kitu alichokizoea miaka yote, vitu viwili tofauti, na anavibeba vyote kwa wakati mmoja. Mwingine angetufanya tuamini wanarudiana. Yeye anakuacha ujue kesho asubuhi hakuna kilichobadilika.

Kuhusu Oscar, nadhani bahati ya kalenda ilichangia. Muvi ilitoka mwanzoni mwa 1982, wakati Keaton anazungumziwa kwa muvi yake nyingine, Reds, na uteuzi alioupata msimu ule ulikuwa wa hiyo (akachukua Katharine Hepburn). Uliofuata Meryl Streep akaja na Sophie's Choice, nani angepita pale?

Ule mwisho ndo sijaukubali mpaka leo. George anavamia kwa gari uwanja wa tenisi aliojenga mpenzi mpya wa Faith, anapigwa, amelala chini anamnyooshea Faith mkono na picha inaganda. Parker alitaka kishindo, wakati alikuwa na uso wa Keaton palepale, angeisogeza kamera tu.