Anayesakinisha Programu Ndiye Aitunze

Mfumo mpya ukiingia ofisini, ugomvi huwa ni ule ule. Idara ya fedha inasema mfumo ni wake kwa sababu ndiyo iliyoulipia. Watu wa TEHAMA wanalalamika kwamba hawakushirikishwa tangu zabuni. Mzabuni anakuja, anasakinisha, anasaini hati za makabidhiano, anaondoka. Siku mfumo unagoma mishahara ikisubiriwa, ndipo watu wanaanza kuulizana nywila ya seva anayo nani.

Mimi nasema timu inayosakinisha programu ndiyo iitunze mpaka siku itakapoondolewa. Idara inayoitumia iamue mfumo ufanye nini, na ikubaliane na timu hiyo saa za kuuzima kwa matengenezo. Kusasisha, kufanya chelezo, yaani nakala za akiba za data, na kufuatilia vyeti vya usalama, yaani vitambulisho vya kidijitali vyenye ukomo wa muda, viwe mikononi mwa timu moja inayojulikana.

Tukio linalonifanya nishikilie hili ni la Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Machi 2017 lilitangazwa tundu la hatari katika Apache Struts, programu ya kujengea mifumo ya tovuti, na sasisho la kuliziba likatolewa. Tarehe 9 Machi kitengo cha usalama kilituma barua pepe kwa watu zaidi ya 400: yeyote mwenye programu hiyo aisasishe ndani ya saa 48. Uchunguzi wa Seneti ulikuja kuonyesha kwamba msanidi aliyekuwa akiitumia Struts kwenye tovuti ya malalamiko ya wateja hakuwemo katika orodha ya waliotumiwa. Wakubwa wake walikuwemo, lakini ujumbe haukumfikia. Wadukuzi wakaingia Mei, wakakaa hadi mwishoni mwa Julai, na taarifa za Wamarekani takriban milioni 147 zikachukuliwa.

Hawakuonekana muda wote huo kwa sababu kifaa cha kukagua mawasiliano ya tovuti hiyo kilikuwa na cheti kilichokwisha muda miezi 19 kabla, hivyo hakikuweza kuyakagua. Mtu alipokihuisha, dalili za wizi zilianza kuonekana. Kazi ya dakika chache, lakini haikuwa ya mtu yeyote. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Oktoba 2017, mkuu wa zamani wa kampuni, Richard Smith, aliliambia Bunge la Marekani kuwa mtu mmoja hakufikisha taarifa. Jibu hilo linaniudhi hadi leo. Watu mia nne wakiambiwa “yeyote anayehusika”, aliyekosea ni aliyeupanga utaratibu huo. Ripoti ya kamati ya Baraza la Wawakilishi, Desemba 2018, ilitaja wazi kwamba mipaka ya mamlaka kati ya usalama na TEHAMA haikueleweka.

Najua hospitali ya wilaya yenye fundi mmoja haiwezi kufanya yote haya. Mzabuni apewe basi matengenezo kwa mkataba, muda wa kusasisha ukiwa umeandikwa humo pamoja na faini ya kuchelewa. Hata hivyo nywila kuu na chelezo zikae kwa fundi wa hospitali, naye awepo meza ya zabuni kabla hata bei haijajadiliwa, kwa kuwa yeye ndiye atakayepigiwa simu usiku famasi ikishindwa kutoa dawa.