Tusomeane, lakini Lamu si Liverpool

Mjini Liverpool, Uingereza, kuna taasisi iitwayo The Reader, iliyoasisiwa na Jane Davis. Kazi yake haina makuu. Watu wachache huketi pamoja, mmoja husoma hadithi au shairi kwa sauti, polepole, na kila baada ya kitambo hutua ili mwenye neno aseme. Hakuna anayetakiwa awe amesoma nyumbani, na anayetaka kunyamaza hunyamaza. Makundi ya namna hii yameingia magerezani, hospitalini na katika nyumba za wazee, na wanaoyaendesha wanasema yanapunguza upweke na kuwapa nafuu watu wenye sonona.

Ukimweleza Mwamu, yaani mtu wa Lamu, habari hizo, atakujibu upesi kwamba sisi tunalo jambo hili tangu zamani. Ana hoja. Maulidi husomwa msikiti wa Riyadha, kasida huimbwa, tenzi hughaniwa, na kabla ya simu kuingia, mashairi ya malenga wa hapa yalikuwa yakipita nyumba kwa nyumba kwenye kanda za kaseti. Kusikiliza maneno mazuri kwa pamoja ni sehemu ya malezi yetu.

Lakini angalia ni nani anayesema. Kwenye darsa, ustadhi husoma na kufasiri, waliobaki husikiliza. Kwenye maulidi tunaitikia. Malenga akighani, tunamsifu. Ni nadra mvuvi aliyekaa nyuma kuulizwa, "Na wewe hapo umeona nini?" Kwa hivyo sauti si jambo jipya kwetu. Jipya ni lile tuo la msomaji, na haki ya kila aliyeketi kulitumia.

Nitoe mfano wa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa karibu na mwaka 1858 na wenye beti 102. Wengi wetu tumeupokea kama mafunzo ya mke mwema, na wasichana wengi wa leo huukunjia uso kwa sababu hiyo hiyo. Ila mwanzoni mwake kuna mgonjwa. Mama anamwambia bintiye kwamba maradhi yamemshika hata mwaka umetimia, hajapata wasaa wa kumwambia neno jema, basi asogee, akae karibu na wino na karatasi. Nilikuwa na akina mama mtaa wa Langoni siku moja baada ya alasiri, utenzi huo ukisomwa bila mahadhi. Msomaji alipotua hapo, bibi mmoja aliyekuwa akipepeta mchele aliushusha uteo magotini. Akasema mamake alikwenda kwa homa ya siku tatu na hakumwachia hata neno. Msichana aliyekaa ubavuni mwake, ambaye alikuja tayari kubishana juu ya kumtii mume, akamuuliza, "Ungependa angekwambia nini, bibi?" Wakazungumza wao wawili hadi karibu na magharibi. Beti za mume hazikufikiwa siku ile.

Darsa lisingewapa nafasi hiyo. Hata utenzi wenyewe, lau ungeghaniwa, usingewapa, kwa maana mahadhi hayakatwi kila mtu anapotaka kusema. Hapa wazee wana lawama yao, nami naiona ya haki: utenzi uliovuliwa mahadhi umepoteza nusu ya mwili wake, na tukizoea kuusoma hivyo, watoto watajua maneno wasijue kuyaghani. Rai yangu ni kuughani kwanza mwanzo hadi mwisho wa sehemu iliyochaguliwa, kisha kuusoma taratibu kwa mazungumzo. Utachukua muda mrefu zaidi, na muda si kitu kinachopatikana kwa urahisi kwa mama mwenye chungu jikoni. Hata hivyo, afadhali beti kumi kwa namna hiyo kuliko utenzi mzima uliokimbizwa.

Kwa upande wa ushahidi wa kitabibu, tusijipe matumaini kuliko kipimo. Josie Billington na wenzake wa Chuo Kikuu cha Liverpool wamelinganisha usomaji wa pamoja na tiba ya kisaikolojia kwa watu wenye maumivu sugu. Ni kazi makini, lakini watu waliochunguzwa walikuwa wachache. Isitoshe, anayekuja kwenye kundi la kusoma mara nyingi ni yule aliyetaka kuja. Na akitoka amechangamka, utajuaje kama ni shairi, au ni chai, au ni kule kuwa na mahali anapotazamiwa kila wiki? Kwa bibi mpweke swali hilo halina uzito, maana nafuu ameipata. Kwa anayepanga bajeti ya afya lina uzito mkubwa. Mwenye sonona nzito anahitaji daktari na dawa, na kundi la kusoma lisigeuzwe kisingizio cha kutomwajiri muuguzi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni siri. Katika mji mkubwa kama Liverpool, mtu anaweza kuketi na watu asiowajua, akasema la moyoni, akaenda zake. Hapa utaketi na binamu yako, wifi yako na jirani ambaye kipaa chake kimegusa chako. Watetezi wa makundi haya hujibu kwamba hadithi ni pazia: mtu humzungumzia mhusika, hajizungumzii mwenyewe. Jibu hilo huenda likafaa kwingine. Waamu ni watu wa mafumbo. Tumekua tukisikiliza nyimbo za harusini huku tukiulizana ni nani aliyepigwa kijembe, na tunasoma jina la leso kabla hatujatazama rangi yake. Mwanamke akisema mume wa hadithini ni mkali mno, wasikilizaji wataanza kuhesabu waume wa mtaa kabla msomaji hajafungua ukurasa wa pili.

Ustadi huo huo, kwa upande mwingine, ndio utakaolifanya kundi la Lamu kuwa zuri. Watu waliozoea kupima kila neno limekusudiwa nani hawasomi kizembe. Watakamata neno moja ambalo msomaji wa haraka angeliruka, na watabishana juu yake kwa saa nzima. Kwa hiyo sisemi tuache. Nasema mkwe na mama mkwe wasiwekwe kundi moja, watu wasizidi wanaoweza kukaa mkeka mmoja, na mwanzoni tuchague hadithi za mbali, ambazo mitaa yake haifanani na Mkomani wala Langoni. Tenzi za kwetu zije baadaye, watu wakishaaminiana.

Wanaume nao? Wana baraza zao pale Mkunguni mbele ya Ngome, wana kahawa na siasa, na wengi watasema yawatosha. Sidhani yanamtosha kila mmoja wao, lakini kuwalazimisha hakufai. Kuhusu dini, atakayeuliza kama huu si upuuzi wa kupoteza wakati aonyeshwe maandishi mapema na ashirikishwe kuyachagua.

Nitakalopinga bila kuyumba ni daftari. Mfadhili akija atataka majina, namba za simu na safu ya kuandika nani ana msongo wa mawazo na tangu lini, ili aonyeshe fedha zimefanya kazi. Ahesabiwe idadi ya waliohudhuria, atosheke. Daftari lenye safu hiyo, likisahaulika juu ya meza mchana mmoja tu, litasomwa na mji mzima, na wale akina mama waliokuwa wameanza kusema hawatarudi.