CDA ilistahili sherehe yake

Mwaka 2023 ilitimia miaka 50 tangu TANU iamue makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka huohuo wa 1973 ndipo ilipoundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo sote tuliizoea kwa jina la CDA. Kwa maoni yangu, jubilei hiyo ilikuwa yao, na deni hilo bado hatujalilipa.

Najua ninagusa kidonda. Ukiitaja CDA mbele ya mkazi wa siku nyingi wa Dodoma, atakukumbusha bomoabomoa, migogoro ya viwanja na hati za miaka 33 wakati kwingineko watu walipewa 99. Kero hizo zilikuwa za kweli. Rais Magufuli alipoivunja tarehe 15 Mei 2017 na kazi zake kupelekwa manispaa, wengi walishusha pumzi, na siwalaumu. Lakini taasisi iliyoishi zaidi ya miaka 40 haipimwi kwa miaka yake ya mwisho tu.

Mtu wa kwanza kuiongoza alikuwa George Kahama. Alikuwa amelelewa na ushirika wa kahawa wa Bukoba, akawa waziri katika baraza la kwanza la nchi huru, kisha akaliongoza Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Mtu wa wasifu huo angeweza kubaki Dar es Salaam. Mwalimu alimkabidhi mji mdogo wa reli, wenye ukame na vumbi, ugeuke makao makuu ndani ya miaka kumi.

Chini yake ukapatikana mpango kabambe wa 1976, uliochorwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada. Mimi huushangaa hadi leo. Haukutaka majumba ya kutisha wala barabara za magwaride. Ulitaka mji wa nyumba za chini, vitongoji ambamo mtu anatembea kwa miguu hadi shule na soko, mabasi yenye njia zao, na vilima viachiwe miti. Njia za mabasi! Dar es Salaam ilizipata 2016.

Halafu fedha zikakauka. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vikaja 1978, na miaka ya themanini nchi ilikuwa inahangaikia sabuni na sukari. Kahama baadaye alikwenda China kuwa balozi. Waliomfuata walikalia ofisi ambayo mawaziri waliisifu majukwaani kisha wakarudi kulala Dar es Salaam. Hao ndio ninaowaonea uchungu zaidi: wapima ardhi, wachoraji ramani, wapanda miti, wakurugenzi wasiokumbukwa na mtu, waliolinda mpango wa mji ambao wakubwa wenyewe hawakuuhamia hadi 2016.

Kahama alifariki Machi 2017, miezi miwili tu kabla mamlaka aliyoiasisi haijavunjwa.

Jiji la Dodoma lina uwezo wa kulirekebisha hili mwaka huu. Liweke majina ya wakurugenzi wote wa CDA mahali pa wazi, lizitoe ramani za 1976 makabatini ili wanafunzi wa mipango miji wazione, na liwaite wazee waliofanya kazi pale wasimulie, maana wengi wao umri umeshakwenda.